MAMA ANNA DENGEL, MGANGA NA MTAWA

Katika kitabu hiki cha yubilei tumekwisha kuwakumbuka Mapadri waliofungua misioni yetu, makatekista waliotembea kwa miguu toka kijiji hata kijiji, na wakristu wa kwanza waliochoma matofali ya kanisa. Haifai tuusahau mlango mmoja ambao wengi wetu tuliupitia siku ya kwanza ya maisha yetu, kabla hata ya kufika kwenye kisima cha Ubatizo. Huo ni mlango wa materniti.

Leo, Sista akimpokea mtoto mchanga mikononi mwake, hakuna anayeshangaa. Tena msichana wa parokia akiomba kwenda kusomea uuguzi au ukunga, tunamwombea baraka. Lakini mambo hayakuwa hivyo tangu mwanzo. Hadi mwaka wa 1936 sheria ya Kanisa haikuruhusu shirika la Masista kufanya kazi ya kuzalisha kuwa kazi yake, wala mtawa kuwa mganga wa hospitali bila ruhusa ya pekee kutoka Roma. Sababu iliyotolewa ilikuwa heshima: ilionekana kwamba bikira aliyejiweka wakfu kwa Mungu hafai kuyaona na kuyagusa mambo ya namna ile.

Swali hili halikumalizika pamoja na sheria ile. Bado wako wazazi wanaosita. Wanasema moyoni mwao: binti yetu tulimlea katika haya, tukamfundisha kujisitiri na kuinamisha macho, je, sasa tumpeleke shuleni ajifunze kuosha miili ya watu asiowajua? Wako pia wasichana wema wanaojiuliza vilevile, na wengine huacha masomo kwa sababu hiyo. Kwa ajili yao, na kwa ajili yetu sote, tumeona vema kueleza hapa maisha ya Mama Anna Dengel, mwanamke wa Austria aliyelibeba swali hilo tangu ujana wake, akafanya kazi mpaka jibu likapatikana.

Kuzaliwa na malezi yake

Anna Dengel alizaliwa tarehe 16 ya mwezi wa tatu, mwaka wa 1892, katika kijiji cha Steeg, milimani mwa Tirol. Watu wa huko walikuwa wakristu wenye imani ya nguvu, na nyumba ya wazazi wake ilikuwa nyumba ya sala. Anna alipokuwa bado mtoto, mama yake alikufa. Waliomfahamu baadaye waliona kwamba msiba huo ndio uliompa huruma kubwa kwa akina mama na kwa watoto wanaobaki yatima.

Jamaa yake ilihamia mji wa Hall, na huko alisomeshwa na watawa wa Visitasio. Alipomaliza masomo alikwenda Lyon, Ufaransa, kufundisha lugha ya Kijerumani. Alikuwa msichana mwenye akili na mwenye nguvu, naye alitaka kumpa Mungu maisha yake yote katika misioni, ila hakujua bado kwa njia gani. Ndipo alipopata habari za mwanamke mzee mmoja wa Uskoti, jina lake Agnes McLaren.

Mzee aliyetangulia

Hatuwezi kueleza habari za Anna bila kumtaja mzee huyo, kwa maana ndiye aliyeipanda mbegu. Agnes McLaren alizaliwa mwaka wa 1837. Siku zile shule za uganga za Uingereza zilikuwa zimefungwa kwa wanawake, hivyo alivuka bahari akaenda kusoma Montpellier, Ufaransa, akapata shahada ya uganga mwaka wa 1878. Miaka ishirini baadaye, mwaka wa 1898, akiwa na umri wa zaidi ya miaka sitini, aliingia katika Kanisa Katoliki.

Basi mkubwa wa misioni ya Rawalpindi, katika Bara Hindi, alimpelekea kilio. Huyo alikuwa padri wa shirika la Mill Hill, shirika lile lile linalojulikana katika nchi yetu kwa kazi yake huko Basankusu. Kilio chake kilikuwa hiki: wanawake Waislamu wa kule, na hata Wahindu wengi, waliishi kwa desturi ya parda. Maana yake, mwanamke alikaa nyuma ya pazia, uso wake hauonwi na mwanaume asiye ndugu yake. Mganga mwanaume hakuweza kumgusa wala kumtazama. Mara nyingine aliambiwa habari za ugonjwa na mume tu, akatoa dawa kwa kubahatisha. Uzazi ulipokuwa mgumu, jamaa waliona afadhali mwanamke afe kuliko kuondolewa heshima mbele ya mwanaume mgeni.

Waprotestanti walikuwa wamekwisha kulijibu hitaji hilo. Clara Swain, mganga mwanamke wa Kimetodisti kutoka Marekani, alifika Bareilly mwaka wa 1870. Lakini Wakatoliki, waliokuwa na maelfu ya Masista katika misioni, hawakuweza kumtoa hata Sista mmoja kwa kazi ile, kwa sababu sheria iliwafunga. Mama McLaren alisaidia kufungua hospitali ndogo ya Mtakatifu Katarina kwa ajili ya wanawake, huko Rawalpindi, mwaka wa 1909. Yeye mwenyewe, mwenye miaka zaidi ya sabini, alisafiri hadi kule. Tena alikwenda Roma mara tano kuomba Masista waruhusiwe kuwa waganga. Hakukubaliwa, wala hakunung’unika. Akaanza kutafuta wasichana wakristu ambao wangesomea uganga bila kuwa watawa, wakafanye kazi kule ambako Masista hawakuweza.

Anna alimwandikia barua, na mzee akamjibu kwa furaha. Alimshauri kwenda kusoma katika Ireland, kwa maana Bara Hindi ilikuwa chini ya Waingereza na shahada yao ndiyo iliyokubaliwa kule. Lakini hao wawili hawakuonana kamwe uso kwa uso. Tarehe 17 ya mwezi wa nne, mwaka wa 1913, Mama McLaren alikufa huko Ufaransa, na Anna akabaki na barua tu, na njia aliyoonyeshwa.

Masomo ya Cork na kazi ya Rawalpindi

Mwaka ule ule wa 1913 Anna aliingia katika chuo kikuu cha Cork, Ireland. Alisoma kwa lugha ya Kiingereza ambayo si yake. Vita Kuu ilipoanza mwaka wa 1914, Austria ilipigana na Uingereza, naye akawa mgeni wa nchi adui katika nchi aliyosomea. Hata hivyo alivumilia, akapata shahada yake mwaka wa 1919. Alingoja tena, akafanya kazi kidogo Uingereza, mpaka alipopewa ruhusa ya kusafiri. Mwaka wa 1920 alifika Rawalpindi.

Hapo alikuta kazi isiyo na mwisho. Alikuwa mganga katika hospitali ya wanawake na watoto, na Masista Wafransiskani Wamisionari wa Maria walimsaidia kuuguza. Aliitwa mchana na usiku. Aliingia katika nyua zilizofungwa, ambamo hakuna mganga mwanaume aliyewahi kukanyaga. Humo alikuta akina mama waliokuwa katika utungu kwa siku nyingi, mikononi mwa wakunga wasiojua kunawa mikono. Wengi aliwaokoa. Wengine alifika akawakuta wamekwisha kuchoka, akabaki kufunga macho yao.

Katika mambo hayo Anna aliona jambo moja waziwazi. Heshima ya aina mbili zilikutana mlangoni pa mgonjwa. Ya kwanza ni heshima ya mwanamke wa parda, aliyekataa kuguswa na mwanaume. Ya pili ni heshima ya Kanisa, lililokataa mabikira wake wasiguse mambo ya uzazi. Kila moja ilikuwa njema kwa kusudi lake. Lakini mwanamke aliyekuwa katikati yake alikufa, na mtoto wake pamoja naye. Masista walikuwapo pale pale, walikuwa wanawake, mikono yao ilikuwa tayari. Pazia la parda lisingewazuia. Waliozuiliwa na sheria yao wenyewe.

Tusiwahukumu upesi waliotunga sheria hiyo. Tangu zamani sana Kanisa liliwakataza mapadri kufanya uganga wa kukata kwa kisu. Mtaguso wa Laterani wa mwaka wa 1215 ulisema hivyo. Lilitaka watumishi wa altare wasitoke katika sala wakaenda kutafuta faida, wala mikono yao isiwe na damu ya mtu. Baadaye katazo hilo liliwafikia na watawa. Kisha kanuni zilizotolewa Roma mwaka wa 1901, za kuthibitisha mashirika ya Masista, zilikataa kazi kama kuwatunza wanawake wanaojifungua. Ni kweli kwamba hapa na pale katika misioni Masista waliwasaidia akina mama kwa lazima ya saa. Lakini kusaidia kwa lazima ya saa si sawa na kujifunza, kupata cheti, na kuifanya kazi kwa ustadi. Pasipo ruhusa hakuna shule, na pasipo shule huruma hubaki na mikono mitupu.

Shirika lisilo na nadhiri

Baada ya miaka karibu minne Anna alikuwa amechoka mwili na roho. Alijisikia pia kuitwa katika utawa, lakini aliambiwa yale tuliyoyaeleza: akiwa mtawa, ataacha uganga. Ilimpasa kuchagua kati ya miito miwili ambayo yeye aliiona kuwa mmoja tu. Mwaka wa 1924 alirudi Austria, akafanya mafungo huko Innsbruck chini ya padri Mjesuiti. Padri huyo alimsaidia kuona kwamba si lazima aache lolote, ila labda Mungu anamtaka aanzishe kitu kipya.

Anna alikwenda Marekani kutafuta msaada kwa ajili ya Rawalpindi. Huko Washington alikutana na Padri Michael Mathis wa Shirika la Msalaba Mtakatifu, mtu mwenye moyo wa kimisionari. Wakashauriana, na Askofu Mkuu Curley wa Baltimore akatoa idhini. Tarehe 30 ya mwezi wa tisa, mwaka wa 1925, wanawake wanne walianza kukaa pamoja katika nyumba moja ya Washington. Wawili walikuwa waganga: Anna Dengel na Johanna Lyons. Wawili walikuwa wauguzi: Evelyn Flieger na Marie Ulbrich. Hao ndio mwanzo wa Shirika la Wamisionari Waganga Wakatoliki, wanaojulikana leo kwa jina la Masista Waganga Wamisionari.

Tuangalie hapa utii na hekima ya Mama Anna. Hakuivunja sheria, wala hakuizunguka kwa hila. Kwa kuwa waliofunga nadhiri za hadhara hawakuruhusiwa kufanya kazi ile, yeye na wenzake hawakufunga nadhiri hizo. Waliishi kama watawa, wakasali kama watawa, wakavaa kwa adabu na usawa kama watawa, lakini mbele ya sheria walikuwa jumuiya ya wanawake wakristu walioahidiana kumtumikia Mungu katika wagonjwa. Walingoja. Wakati wa kungoja hawakukaa bure: walisoma, wakapokea wasichana wengine, na mwaka wa 1927 wakafungua huko Rawalpindi hospitali ya Familia Takatifu kwa ajili ya wanawake na watoto.

Mwaka wa 1936

Kazi yao ilionekana. Maaskofu wengi wa nchi za misioni walikuwa wakiandika Roma kueleza vifo vya akina mama na watoto. Mkuu wa Idara ya Kueneza Imani wakati ule alikuwa Kardinali Fumasoni Biondi, ambaye zamani alikuwa mjumbe wa Baba Mtakatifu katika Bara Hindi, na baadaye Marekani. Nchi zote mbili ambamo Mama Anna alifanya kazi. Tarehe 11 ya mwezi wa pili, mwaka wa 1936, siku ya Bikira Maria wa Lurdi, Idara hiyo ilitoa maagizo yanayoitwa kwa Kilatini Constans ac sedula. Baba Mtakatifu alikuwa Pius XI.

Maagizo hayo yaliufungua mlango. Yalitaka mashirika ya Masista yashughulikie afya ya akina mama na watoto wachanga katika nchi za misioni, tena yalitamani mashirika mapya yaanzishwe kwa kazi hiyo. Lakini hayakufungua mlango bila kuweka bawabu. Yaliagiza mambo mawili pamoja. La kwanza, Masista wapate vyeti vya kweli vya uganga na vya uuguzi. La pili, walindwe kwa misaada ya roho ambayo wakubwa wao wataiweka. Elimu na sala: hayo mawili ndiyo yaliyochukua mahali pa katazo.

Nchi yetu ya Kongo, iliyokuwa wakati ule chini ya Wabelgiji, ilihesabiwa katika nchi za misioni, na kwa hiyo maagizo hayo yaliihusu. Wale wanaosoma habari za dispanseri na materniti za misioni zetu wakumbuke tarehe hiyo. Mwaka uliofuata, 1937, mwanamke mwingine, Marie Martin wa Ireland, alianzisha huko Nigeria shirika la Wamisionari Waganga wa Maria. Na Mama Anna na wenzake, waliongoja zaidi ya miaka kumi, waliweza sasa kufunga nadhiri zao mbele ya Kanisa bila kuacha uganga. Mama Anna alichaguliwa kuwa mkuu wao, akawaongoza hadi mwaka wa 1967.

Kuwafundisha mabinti wa nchi

Mlango wa Masista ulipofunguka, ulibaki mlango wa pili, nao ulikuwa mgumu zaidi. Masista wa kutoka mbali hawawezi kuwatosha wagonjwa wa nchi nzima. Ilipasa mabinti wa nchi yenyewe wafundishwe uuguzi. Lakini katika Bara Hindi wakati ule uuguzi ulikuwa kazi iliyodharauliwa. Waislamu waliogopa kuvunja parda. Wahindu wa ukoo wa juu waliona kwamba kugusa damu na uchafu wa mtu mwingine ni unajisi. Wazazi wote walihofia kwamba msichana anayelala nje ya nyumba na kufanya zamu ya usiku hatapata mchumba. Kwa sababu hiyo wauguzi wengi wa kwanza wa nchi ile walikuwa wasichana wakristu.

Masista hawakuwacheka wazazi hao, wala hawakuwaambia kwamba haya ni ujinga wa zamani. Hospitali iliyokuwa ya wanawake na watoto tu ilikuwa tayari nusu ya jibu, maana mwanafunzi alijifunza kazi yake juu ya wanawake wenzake. Aliishi karibu na Masista na chini ya ulinzi wao. Na juu ya yote aliona kwa macho yake wanawake wa sala, waliojiweka wakfu, wakiosha vidonda na kupokea watoto bila kupoteza usafi wa moyo. Mafundisho hayo yalizidi maneno.

Kazi ilienea, ikafika Patna katika India, ikavuka hata Afrika, kwa mfano Berekum, nchi ya Ghana. Hapo Patna ilitokea habari ambayo wengi wetu hatuijui. Mwaka wa 1948 Mama Teresa alipotoka katika utawa wake wa Loreto ili awatumikie maskini wa Calcutta, alikuwa mwalimu wa shule. Hakujua kazi ya wagonjwa. Alikwenda kwanza Patna, katika hospitali ya Masista wa Mama Anna, akajifunza kwa miezi michache kufunga vidonda, kuchoma sindano na kusaidia uzazi. Alikuwa amekusudia kula wali na chumvi tu kama maskini. Masista wa Patna walimshauri asifanye hivyo, kwa kuwa mwenye njaa hawezi kuuguza wenye njaa. Akawasikia. Basi hata mtakatifu huyo, ambaye dunia nzima ilimsifu kwa upendo, aliona kwamba upendo unapaswa kwenda shule.

Mwisho wa safari

Mama Anna alizeeka katika kazi. Alipoacha uongozi hakuacha kuwaombea na kuwashauri Masista wake. Katika miaka ya mwisho alipatwa na kiharusi, naye aliyewauguza wengi akauguzwa na wengine. Alioshwa, akavishwa, akalishwa kwa mikono ya mabinti aliowafungulia njia. Alikufa Roma tarehe 17 ya mwezi wa nne, mwaka wa 1980. Ni tarehe ile ile aliyokufa Agnes McLaren, miaka 67 kabla yake. Alizikwa katika makaburi ya Wajerumani karibu na kanisa la Mtakatifu Petro. Hospitali yake ya Rawalpindi imekuwa mikononi mwa serikali ya Pakistani tangu mwaka wa 1977, na hadi leo akina mama huzalia humo.

Mafundisho kwa parokia yetu

Ndugu wapendwa, tumejifunza nini katika maisha hayo?

Kwanza, haya ni zawadi ya Mungu, wala Mama Anna hakuja kuiondoa. Sisi wenyewe twajua heshima hiyo. Babu zetu waliweka umbali kati ya baba mkwe na mkaza mwana. Mambo ya uzazi yalikuwa ya wanawake, na mwanaume hakukaribia. Injili haikuyafuta hayo. Lakini wahenga walisema pia kwamba mficha uchi hazai. Walijua kwamba kuna saa ambayo mwili hauna budi kufunuliwa ili uzima upatikane. Swali la heshima katika saa hiyo ni hili: unafunuliwa mbele ya nani, na kwa mikono ya namna gani?

Pili, katika heshima ni lazima kuwatazama watu wawili. Wazazi humfikiria binti yao, yaani yule atakayegusa. Mama Anna alitufundisha kumfikiria na yule anayeguswa. Mama mgonjwa naye ana haya. Mzee aliyelala kitandani, asiyeweza tena kujiosha, naye ana haya, tena inamuuma kuliko ugonjwa. Nani atamlindia heshima yake, kama si mwuguzi aliyelelewa katika haya? Msichana asiyejua haya ndiye asiyefaa kazi hii. Yule anayeona haya, akajifunza kuigeuza iwe heshima kwa mgonjwa, huyo ndiye tunayemhitaji.

Tatu, ustadi wenyewe ni sitara. Mwuguzi aliyefundishwa vizuri huvuta pazia kabla ya kuanza. Humweleza mgonjwa atakalofanya na kumwomba ridhaa. Hufunua sehemu inayotibiwa tu, na nyingine huifunika kwa shuka. Kazi ikiwa ya siri sana, humwita mwenzake asimame karibu. Hufanya upesi kwa sababu anaijua kazi, na akitoka hasimulii sokoni aliyoyaona. Mambo hayo hufundishwa katika shule ya wauguzi. Ndiyo maana Roma mwaka wa 1936 ilidai vyeti pamoja na sala. Asiyejifunza, hata akiwa na nia njema, humwaibisha mgonjwa kwa kupapasapapasa.

Nne, tukumbuke uvumilivu. Mama McLaren aliomba mara tano, akafa bila kujibiwa. Mama Anna alingoja toka 1925 hata 1936. Hawakulitukana Kanisa wala hawakukiacha kilio cha wagonjwa. Walileta mbele ya wakubwa habari za kweli, wakaendelea kutumika kwa kadiri sheria ilivyowaruhusu, na Kanisa, ambalo ni mama, likasikia.

Kwa hiyo twawaomba wazazi wa parokia hii wasiwazuie mabinti zao, wala wavulana wao, wanaoitwa kwenye kazi ya kuuguza. Wawape kwanza malezi ya haya, kisha wawape ada ya shule. Twawaomba wanafunzi wa uuguzi walioko kati yetu wasione haya kuwa na haya: waichukue pamoja nao katika vyumba vya wagonjwa, wakamfunike mgonjwa kwayo. Na Mapadri wageni waliokuja kushangilia pamoja nasi twawaomba wawaweke katika sala zao wakunga na wauguzi wetu, ambao usiku wa sikukuu hii, sisi tukicheza ngoma na kuimba, watakuwa wamekesha wakiwangoja wakristu wapya wa parokia wazaliwe.

Mungu, aliyemtuma Mwana wake azaliwe na mwanamke mahali pasipo na materniti wala kitanda, awabariki wote wanaowapokea wanawe wadogo. Ampe Mama Anna Dengel raha ya milele, na mwanga wa milele umwangazie. Amina.